Skrini ya kurasa nyingi kwenye CICS: programu ikumbuke nini kati ya PF7 na PF8?

Bintikoboli anauliza:

Habari za kazi ndugu zangu. Nina miaka miwili tu katika kazi ya COBOL, na mwezi huu nimekabidhiwa programu yangu ya kwanza ya CICS (mfumo wa IBM unaoendesha programu zinazozungumza na skrini za watumiaji) inayoonyesha orodha ndefu. Naifanyia kazi kampuni ya bima hapa Kanada. Karani akiandika namba ya bima anatakiwa aone madai yote yaliyowahi kufunguliwa chini ya namba hiyo, madai 14 kwa kila ukurasa, akisogea mbele kwa kitufe cha PF8 na kurudi nyuma kwa kitufe cha PF7. Madai yamo katika faili la VSAM (aina ya faili za IBM zinazoweza kusomwa kwa ufunguo) ambalo ufunguo wake una baiti 18, yaani namba ya bima yenye baiti 10 ikifuatwa na namba ya dai yenye baiti 8.

Mwanzoni nilisoma madai yote kwa pamoja na kuyabeba kwenye COMMAREA, yaani eneo la data ambalo kazi moja huiachia kazi inayofuata. Kila mstari wa orodha una herufi 77, na COMMAREA haivuki baiti 32,763, kwa hiyo mwisho wangu ulikuwa mistari 425. Bima ya mtu mmoja haifiki hata kumi, lakini katika majaribio tuliingiza bima ya kampuni yenye magari mengi na programu ikaanguka papo hapo. Sasa nabeba ufunguo wa dai la kwanza na wa dai la mwisho la ukurasa ulioko kwenye skrini. Kwenda mbele hakuna tatizo. Kurudi nyuma ndiko kunakonisumbua, kwa sababu dai la kwanza la ukurasa wa 3 linajitokeza tena mwishoni mwa ukurasa wa 2, na mara chache napata NOTFND (rekodi haikupatikana) kwenye READPREV, amri ya kusoma rekodi iliyotangulia, ingawa STARTBR, amri ya kufungua usomaji wa mfululizo, imepita salama.

Kuna na jambo la pili. Ukurasa wa mwisho ukiwa na madai matano, chini yake yanabaki madai tisa ya ukurasa uliotangulia, na karani aliyetusaidia katika majaribio aliyahesabu yote kuwa ni ya ukurasa huo. Nimesoma kwamba BMS (sehemu ya CICS inayopanga skrini) ina utaratibu wake wa kurasa unaotumia ACCUM na PAGING. Je, huo ndio ufumbuzi, au niweke orodha katika foleni ya muda, yaani hifadhi ya muda ya CICS? Nitashukuru kwa maelezo ya kina, maana nataka nielewe sababu, si kunakili tu.

MzeeWaKioo anajibu:

Binti yangu, umeeleza vizuri, na nitaanza na kile kinachoyaunganisha matatizo yako karibu yote. Programu yako haibaki hai wakati karani anasoma. Inatuma skrini, inatoa RETURN yenye TRANSID (jina la muamala utakaofuata) na COMMAREA, kisha inaondoka kwenye kumbukumbu ya kazi hiyo. Karani akibonyeza PF8 dakika tano baadaye, inaanza kazi mpya isiyojua lolote ila kile ulichoiachia, na usomaji uliokuwa umeufungua kwa STARTBR ulishafungwa zamani. Kusanifu skrini ya namna hii ni kuamua kwanza utaiachia kazi inayofuata urithi gani. Ukishaamua hilo, mpangilio wa safu na rangi hautakusumbua.

Tuanze na dai linalojirudia. STARTBR haisomi rekodi, inaweka alama tu mahali pa kuanzia, na READPREV inayoifuata inakupa rekodi ile ile uliyoiwekea alama. Kuhusu NOTFND, STARTBR ya kawaida inakubali ufunguo usiokuwepo na kusimama kwenye rekodi inayofuata, lakini READPREV ikiifuata moja kwa moja haina uvumilivu huo. Inadai rekodi yenye ufunguo ule ule uliotajwa. Karani mwingine akilifuta dai hilo wakati mwenzake bado analiangalia kwenye skrini yake, hapo ndipo inapokukwamia, na ndiyo sababu inatokea mara chache tu. Dawa ni kutoa READNEXT (kusoma rekodi inayofuata) moja baada ya STARTBR, kisha READPREV, ambayo itakurudishia rekodi hiyo hiyo kwa kuwa kugeuza mwelekeo hurudia rekodi ya mwisho kusomwa, halafu READPREV ya pili ndiyo inayokupa dai la kwanza kabla ya ukurasa wako. Ukitumia njia hii, jaza skrini kuanzia mstari wa 14 ukipanda juu.

Hata hivyo, mimi mwenyewe nisingerudi nyuma kwa READPREV. Weka katika COMMAREA jedwali la namba za madai yanayoanza kila ukurasa uliokwisha kuonyeshwa. Namba ya bima haibadiliki ndani ya orodha, kwa hiyo unahifadhi baiti 8 tu kwa kila ukurasa. Kurasa 200, yaani madai 2,800, zinakula baiti 1,600. Karani akibonyeza PF7, unapunguza namba ya ukurasa kwa moja, unachukua ufunguo wake katika jedwali, na unasoma kwenda mbele kama kawaida. Utaandika njia moja ya kusoma badala ya mbili, na karani atauona ukurasa wa 2 ukianzia pale pale ulipoanzia alipopita mara ya kwanza.

Kuna mtego mmoja hapo ambao ulinichukua siku nzima nilipokuwa na umri wako. Tuseme dai jipya limeingia katikati ya ukurasa wa 1 baada ya karani kufika ukurasa wa 3. Akirudi mpaka ukurasa wa 1, dai lile jipya litaonekana na dai la 14 la zamani litasukumwa nje. Ukimpeleka mbele kwa ufunguo wa ukurasa wa 2 uliomo kwenye jedwali, dai lililosukumwa halitaonekana popote, wala yeye hatajua. Kwa hiyo jedwali litumike kwa kurudi nyuma tu. Kwenda mbele daima kuanze baada ya dai la mwisho lililoonekana kwenye skrini, na ufunguo mpya uandikwe juu ya ule wa zamani.

Halafu usisome madai 14, soma 15. Lile la kumi na tano halionyeshwi, linakuambia tu kama kuna ukurasa mwingine. Linganisha namba ya bima pia, kwa sababu orodha yako kwa kawaida haiishi faili linapoisha, inaisha bima ya mtu mwingine inapoanza. Nimewahi kuona programu iliyosahau ulinganisho huo, na karani akaonyeshwa madai ya mteja asiyehusika kabisa, jambo ambalo katika biashara ya bima si dogo hata kidogo.

Yale madai tisa yaliyobaki chini yana sababu nyepesi. Ukituma ramani (mpangilio wa skrini wa BMS) kwa DATAONLY, yaani data tu, BMS haitumi uga ulioanza na LOW-VALUES (baiti za sifuri), kwa hiyo terminali inabaki na kilichokuwepo. Kabla ya kujaza ukurasa, jaza mistari yote 14 kwa nafasi tupu, si kwa LOW-VALUES, kisha weka madai yaliyopo. Unaweza pia kutuma ramani nzima kwa ERASE, inayofuta skrini kwanza, kila mara, lakini utakuwa unatuma upya vichwa na maelezo ambayo terminali tayari inayo.

Utaratibu wa ACCUM na PAGING ninauheshimu, nimeutumia kwa miaka. Programu yako inatengeneza kurasa zote kwa mfululizo, ikipata OVERFLOW inafunga ukurasa na kuanza mwingine wenye kichwa chake, na mwisho SEND PAGE inakabidhi kazi ya kugeuza kurasa kwa CICS yenyewe. Unafaa kwa ripoti ya kusomwa tu. Kwako haufai, kwanza kwa sababu utatengeneza kurasa 50 ili karani aangalie mbili, na pili kwa sababu makarani wako bila shaka watataka kuchagua dai na kulifungua, nawe huna mamlaka juu ya skrini wakati CICS inageuza kurasa.

Mwisho ni ramani yenyewe. Skrini ya kawaida ya 3270 (aina ya terminali ya IBM) ina mistari 24 ya herufi 80, yaani nafasi 1,920, na kila uga unatanguliwa na baiti ya sifa inayokalia nafasi moja na kuonekana kama pengo. Uga wa kuchagulia wenye herufi moja na uga wa maelezo wenye herufi 77 vinatimiza 80 kamili: 1 na 1, kisha 1 na 77. Ndani ya hizo 77 panga namba ya dai 8, tarehe 10, maelezo 25, kiasi 14 na hali 12, na kati ya kila safu acha nafasi mbili. OCCURS ya DFHMDF (amri ya BMS inayofafanua uga) inarudia uga mmoja mmoja, hairudii jozi, kwa hiyo andika jozi zote 14 kwa majina, kisha kwenye COBOL uzifunike kwa REDEFINES (inayolipa eneo lile lile la kumbukumbu mpangilio mwingine) yenye jedwali. Hesabu vizuri: kila uga una baiti 2 za urefu na 1 ya sifa kabla ya data, kwa hiyo mstari mmoja ni baiti 4 na baiti 80, jumla 84. Siku mtu akiongeza rangi kwenye ramani, kila uga utaongezeka baiti moja, mstari utakuwa 86, na jedwali lako litaanza kupinda kidogo kidogo mpaka mstari wa mwisho usomeke kama herufi zilizomwagwa. Liandike onyo hilo kama maelezo ndani ya programu, juu kabisa ya REDEFINES.

Fundi_wa_Hifadhidata anajibu:

Nakubaliana na Mzee kwa faili la VSAM lililopangwa kwa ufunguo ule ule unaooneshwa. Naongezea hali ambayo njia yake haitatosha, kwa kuwa nina hakika utakutana nayo. Orodha ikitokana na swali la DB2 (hifadhidata ya IBM) linalounganisha majedwali kadhaa na kupanga matokeo kwa kiasi au kwa jina, kuuliza upya kwa kila PF8 ni gharama. Kishale cha SQL ulichokifungua kinafungwa kazi inapoisha, na WITH HOLD, chaguo la kukiacha wazi baada ya COMMIT, haikusaidii hapo. Katika hali hiyo foleni ya muda ni chaguo zuri.

Ukiitumia, weka ukurasa mzima katika kipengele kimoja, si mstari mmoja mmoja. Mistari 14 ya herufi 77 ni baiti 1,078, na namba ya kipengele inakuwa ndiyo namba ya ukurasa, hivyo kugeuza ukurasa ni READQ TS (amri ya kusoma foleni ya muda) moja yenye ITEM. Jina la foleni litengenezwe kwa EIBTRMID (jina la terminali) yenye herufi nne pamoja na herufi nne za muamala wako, vinginevyo makarani wawili wataandika katika foleni moja na kila mmoja atasoma kurasa za mwenzake. Ifute kwa DELETEQ TS karani anapotoka kwa PF3, na uifute pia mwanzoni mwa kila utafutaji, kwa sababu wengi hawatoki kwa PF3, wanafunga tu dirisha la terminali na kwenda nyumbani. Matoleo ya karibuni ya CICS yanaruhusu TSMODEL (kielelezo cha mipangilio ya foleni za muda) iwe na muda wa kuisha, basi waombe wasimamizi wa mfumo wakuwekee.

Weka kikomo pia. Mtu aliyeletewa mistari 3,000 hatafuti tena, amekwama. Mimi huishia mistari 300 na kumwandikia karani kwamba matokeo ni mengi, apunguze kwa tarehe au kwa hali ya dai. Tena akichagua dai, lisome upya kutoka kwenye chanzo kabla ya kumruhusu abadilishe chochote, kwa maana foleni ni picha iliyopigwa dakika kadhaa zilizopita.

Iwapo utauliza DB2 upya kwa kila ukurasa, kumbuka kwamba tarehe peke yake haitoshi kuwa mahali pa kuendelea. Madai mawili ya tarehe moja yakiangukia mpaka wa kurasa, moja litapotea. Sharti liwe tarehe ni kubwa kuliko ya mwisho, au tarehe ni sawa na namba ya dai ni kubwa kuliko ya mwisho. Db2 12 imerahisisha uandishi wa sharti la namna hiyo, lakini mantiki ni ile ile.

Mama_Madai anajibu:

Wanangu, mimi sikuanza kama mwandishi wa programu. Nilikuwa karani wa madai kwa miaka mingi kabla ya kuhamishiwa upande wa uchambuzi wa mifumo, na nataka kuongeza yale yanayoonekana kutoka kwenye kiti cha karani.

Katika ofisi niliyofanyia kazi, tulikuwa na skrini ya orodha iliyokuwa ikiturudisha ukurasa wa 1 kila tulipotoka kwenye maelezo ya dai. Mtu anayepitia madai ya kampuni kubwa alifungua dai la ukurasa wa 6, akasoma, akabonyeza PF3, kisha akabonyeza PF8 mara tano ili arudi alipokuwa. Kila meza ilikuwa na kipande cha karatasi chenye namba ya ukurasa na namba ya dai la mwisho, iliyoandikwa kwa penseli na kufutwa, kuandikwa na kufutwa, hadi karatasi inatoboka. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu tulidhani ndivyo mashine ilivyo. Kwa hiyo dada yangu Bintikoboli, akirudi kutoka kwenye dai, mrudishe ukurasa ule ule, na kishale kisimame kwenye mstari ule ule alioufungua. Ni suala la kuweka -1 katika urefu wa uga wa kuchagulia wa mstari huo na kutuma kwa CURSOR.

Amua pia nini kitatokea karani akiweka S mbele ya dai kisha akabonyeza PF8 badala ya ENTER. Usigeuze ukurasa na kuitupa alama yake kimyakimya. Baki hapo hapo na umwambie kuna chaguo ambalo halijashughulikiwa. Akibonyeza PF8 akiwa mwisho wa orodha, usimletee skrini tupu; acha madai yalivyo na uandike kwenye mstari wa 23 kwamba huu ndio mwisho. Juu kulia mwonyeshe anaona mistari ipi, kwa mfano 29 hadi 42, pamoja na alama ya kujumlisha ikiwa kuna zaidi mbele na ya kutoa ikiwa kuna zaidi nyuma. Usimwandikie ukurasa wa 3 kati ya 44 ikiwa hujayahesabu madai yote.

Bintikoboli anajibu:

Nawashukuru sana, mzee wangu, kaka na mama. Nimefanya kazi kwa siku nne na jedwali la kurasa liko tayari. Nimejaribu kwa terminali mbili, moja ikisoma na nyingine ikifuta na kuongeza madai katikati, na hakuna dai lililopotea wala kujirudia. Nimegundua pia kwamba REDEFINES yangu ilikuwa imekosewa kwa baiti 12, kwa kuwa nilisahau nafasi inayoachwa mwanzoni mwa ramani na TIOAPFX.

Limezuka ombi jipya. Makarani wanataka dai la karibuni zaidi liwe juu, na namba zetu za madai zinapanda kadiri zinavyotolewa, kwa hiyo lazima nisome kinyumenyume. Nilianza STARTBR kwa namba ya bima ikifuatwa na HIGH-VALUES (baiti zenye thamani ya juu kabisa), na READPREV ikanipa NOTFND kila mara, si mara chache kama awali. Kwa nini?

MzeeWaKioo anajibu:

Ni sababu ile ile niliyokueleza, binti yangu, ila sasa inatokea kila mara kwa kuwa ufunguo huo haupo kamwe kwenye faili. HIGH-VALUES ina upendeleo wake pale tu ufunguo wote, baiti zote 18, unapokuwa HIGH-VALUES; hapo CICS inaelewa kwamba unataka mwisho wa faili na READPREV inakubali. Ukiweka namba ya bima mbele yake, ni ufunguo wa kawaida usiokuwepo.

Fanya hivi. STARTBR kwa namba ya bima na HIGH-VALUES itasimama kwenye dai la kwanza la bima inayofuata. Toa READNEXT ulisome, READPREV ulirudie, kisha READPREV ya pili itakupa dai la karibuni la bima unayoitaka. Iwapo STARTBR yenyewe itatoa NOTFND, maana yake bima yako ni ya mwisho katika faili, basi fungua upya kwa HIGH-VALUES tupu na uanze READPREV moja kwa moja. Usiache kuijaribu njia hii ya pili kwa makusudi, maana katika faili la majaribio bima ya mwisho mara nyingi haiguswi na mtu.

Jedwali lako la kurasa halibadiliki. Linahifadhi ufunguo wa dai la juu la kila ukurasa kama mwanzo. Kilichogeuka ni mwelekeo wa kusoma tu.

Bintikoboli anajibu:

Imekubali, mzee wangu. Niliingiza bima yenye namba kubwa kuliko zote katika faili la majaribio, nikaifungua, na madai yake yakaja la karibuni likiwa juu. Kesho asubuhi karani yule aliyehesabu madai tisa ya ziada atakaa tena kwenye terminali, nami nitakaa pembeni yake na daftari.